Kijani Kisichokatika: Mwongozo Kamili wa Kutoa Kitambaa cha Kijani Kwenye Video, Kuanzia Taa Hadi Faili la Mwisho

Klipu ninazotumiwa zinafanana kama mapacha. Mtu amesimama mbele ya kitambaa cha kijani, amepachikwa mbele ya bahari au studio ya kifahari, na pembezoni mwa mwili wake kuna uzi wa kijani unaotetemeka. Nywele zimenyolewa na kompyuta. Akipunga mkono, vidole vinatoweka. Kisha linakuja swali lilelile: "Nitumie programu gani?"

Programu siyo tatizo. Zote zinajiuliza swali moja kwa kila nukta ya picha: hii ni ya kijani kiasi gani? Kama kitambaa chako kina kijani cha aina kumi, kile cha kwenye kivuli, kile cha kwenye mkunjo, kile kilichopigwa na taa ya dari, umeipa kompyuta mtihani wenye majibu kumi. Ndiyo maana karibu nusu ya mwongozo huu haigusi kompyuta kabisa. Ukiiruka nusu hiyo, usinitumie klipu.

Kazi yetu ya mfano: mtangazaji anayeonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, anarekodiwa sebuleni, na tunataka aonekane amesimama Forodhani, Zanzibar, jioni, bahari ikiwa nyuma yake.

## Vitu vya kuwa navyo

Kitambaa cha kijani kisichong'aa. Ukifika duka la vitambaa, omba kijani kikali kama cha ndimu, na usichukue satini. Kikunje mkononi kisha uachie; kinachobaki na makunyanzi mengi kiache. Vitambaa vingi vina upana wa takriban mita 1.5, na hapo ndipo watu hununua vipande viwili na kuvishona pamoja. Mshono utakusumbua. Kwa mtu wa kiunoni kwenda juu, nunua mita 3 za kipande kimoja na ukitandaze kwa ubavu: kimo mita 1.5, upana mita 3. Kwa video ya simu iliyosimama wima, kisimamishe tu.

Bomba la plastiki la mafundi bomba, au ubao mnyoofu, pamoja na vibanio vya nguo visivyopungua kumi. Ukiweza, mpe fundi cherehani akushonee mfuko wa kupitishia bomba juu na chini. Bomba la chini linavuta kitambaa kwa uzito wake.

Taa nne. Mbili za kitambaa, moja ya uso, moja ya nyuma ya mtu. Si lazima ziwe za studio. Balbu za LED za nyumbani zinafaa, mradi zote ziwe za aina moja na rangi moja. Ukichanganya balbu ya njano na nyeupe umejitafutia kazi.

Shuka jeupe jepesi la kulainisha mwanga, na karatasi mbili za manila nyeupe za kuurudisha. Onyo: shuka ni kwa taa za LED tu, na liwe mbali na taa. Balbu za zamani zinazochoma mkono zitachoma na shuka.

Kamera au simu, na stendi ya miguu mitatu. Kwa simu, weka programu ya Blackmagic Camera. Ni ya bure, ipo kwa Android na iPhone, ingawa si kila simu ya Android inaikubali. Inakuruhusu kufunga vitu ambavyo simu hupenda kuvibadilisha yenyewe.

Kompyuta yenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video. Toleo la bure linatosha kwa kila kitu kilichomo humu. Wasio na kompyuta nimewawekea sehemu yao mwishoni.

Picha ya nyuma uliyoirekodi mwenyewe, au angalau unayojua ilirekodiwa saa ngapi na kutoka kimo gani. Hili watu hulipuuza, na ndilo linalowaumbua.

## Kabla ya yote: nguo

Mtangazaji asivae chochote cha kijani, wala rangi zinazokikaribia, kama ile ya samawati iliyochanganyika na kijani. Kitenge chenye hata ua moja la kijani kitatoboka tundu lenye umbo la ua. Nguo za kung'aa, hereni za shanga na miwani mikubwa vyote vinaakisi kitambaa.

Na wale wa Yanga au Gor Mahia wanaotaka kuchambua mechi wakiwa wamevaa jezi: hamna budi kununua kitambaa cha bluu. Njia ni hiihii, ila bluu inahitaji mwanga mwingi zaidi, na chembechembe za picha, yaani vidoa vidogo vinavyochezacheza, huonekana zaidi. Kijani kinapendwa kwa sababu kihisi cha kamera kwa kawaida kina vipokezi viwili vya kijani kwa kila kimoja cha nyekundu na kimoja cha bluu, hivyo kijani ndicho kinachorekodiwa kwa usafi zaidi.

## Hatua ya 1: Tandaza kitambaa

Kipige pasi upande wa nyuma, kitundike kwenye bomba, kisha kivute pembeni kwa vibanio hadi kinyooke kama ngozi ya ngoma. Kila mkunjo una upande wa mwanga na upande wa kivuli, na hizo tayari ni rangi mbili.

Si lazima kitambaa kijaze fremu nzima. Kinatakiwa kiwe nyuma ya mwili, na nyuma ya mikono ikiwa imenyooshwa kabisa. Ukuta unaobaki pembeni tutaufuta baadaye kwa sekunde kumi. Nimeona watu wakihangaika kufunika chumba kizima wakati mtangazaji anatumia mita moja tu.

Umefanikiwa ukiona: unasimama hatua tatu nyuma na huoni mstari wowote kwenye kitambaa.

## Hatua ya 2: Msogeze mtu mbali na kitambaa

Mita 2. Chumba kikibana sana, mita 1.5. Chini ya hapo unajidanganya.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kivuli cha mtu kuangukia kitambaa. Ya pili ni kubwa zaidi na haionekani kwa haraka: kitambaa kilichomulikwa nacho kinageuka taa ya kijani. Kinamulika mabega, shingo, masikio, na mashavu kwa pembeni. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa ngozi nyeusi yenye jasho au mafuta inang'aa, na penye mng'ao ndipo kijani kinapokaa. Mpanguse uso kwa karatasi laini, mpake poda kidogo, na umsogeze mbele.

Kama sebule ni fupi, weka kitambaa kwenye kona na mpige picha kwa mshazari wa chumba. Unapata nafasi zaidi bila kubomoa ukuta.

## Hatua ya 3: Mulika kitambaa peke yake

Mtu atoke. Zima taa zote za nyumba, funga mapazia. Mwanga wa dirishani unabadilika kila wingu likipita, na hutaweza kuurudisha.

Weka taa mbili, moja kila upande wa kitambaa, kwa nyuzi kama 45, umbali sawa na kimo sawa. Kila taa ilenge upande wa mbali wa kitambaa, si ule ulio jirani yake. Hivyo miale inapishana katikati na mwanga unasawazika.

Sasa jaribio ambalo linanisaidia kuliko kifaa chochote. Piga picha ya kitambaa kitupu kwa simu. Ifungue kwenye sehemu ya kuhariri picha, ondoa rangi zote ibaki nyeusi na nyeupe, kisha pandisha kontrasti hadi mwisho. Mabaka yote ambayo jicho lako liliyasamehe yatajitokeza: kona yenye giza, doa jeupe katikati, mkunjo uliodhani umenyooka. Sogeza taa, piga tena, rudia. Mara ya kwanza utatumia nusu saa. Itumie.

Usikimulike kitambaa kupita kiasi. Kijani kilichoungua kinakuwa cheupe-cheupe na kupoteza rangi, na kompyuta inatafuta rangi. Kitambaa kiwe na mwanga sawa na uso, au pungufu kidogo.

Umefanikiwa ukiona: picha ya majaribio ni ya kijivu kimoja, bila baka.

## Hatua ya 4: Mulika mtu kulingana na picha ya nyuma

Hapa ndipo wengi hukosea hata baada ya kutandaza kitambaa vizuri. Wanammulika mtu "apendeze", halafu wanatafuta picha ya nyuma. Geuza mpangilio huo. Picha ya nyuma ndiyo inayoamua taa.

Forodhani ipo Mji Mkongwe, upande wa magharibi wa Unguja, hivyo jioni jua huzama baharini mbele yake. Mtu aliyeipa bahari mgongo anapigwa na jua kwa nyuma: mabega na kingo za kichwa zina rangi ya dhahabu, uso una mwanga laini, hafifu, wenye ubaridi kidogo. Ukimweka pale mtu aliyemulikwa usoni kwa taa kali nyeupe, mtazamaji atajua ni uongo hata kama hawezi kueleza kwa nini.

Kwa hiyo taa ya uso pitisha kwenye shuka ili ilainike, na iwe ya wastani. Taa ya nyuma iweke juu, upande uleule lilipo jua kwenye picha, ikipiga bega na nywele. Ifunike kwa karatasi ya plastiki ya rangi ya chungwa. Hapa tu ndipo ninaporuhusu taa ya rangi tofauti, maana na jua la picha ni la rangi tofauti. Upande wenye giza weka manila nyeupe irudishe mwanga kidogo.

Taa hii ya nyuma ina faida nyingine: inachora mstari wa mwanga kati ya nywele nyeusi na kitambaa, na kompyuta inapata mpaka wa kushika.

Onyo: hakikisha taa ya nyuma haiingii kwenye lenzi. Lenzi ikipigwa moja kwa moja, picha nzima inakuwa na ukungu na kijani kinafifia.

## Hatua ya 5: Funga mipangilio ya kamera

Kamera ikiachwa ijiamulie, itabadilisha mwanga mtu anapoinua mkono, na kijani cha sekunde ya tano hakitakuwa kijani cha sekunde ya ishirini. Funga vitu vyote:

- Fremu 25 kwa sekunde. Picha ya nyuma nayo iwe 25.
- Shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde. Umeme wa Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wengi ni wa hezi 50. Shata isiyoendana nao inaleta michirizi inayotembea kwenye kitambaa, hasa kwa balbu za LED za bei nafuu. Mlioko Marekani, umeme wenu ni hezi 60, tumieni 1/60 au 1/120. Mimi napendelea 1/100, kwa kuwa mkono unaopunga hauachi ukungu mwingi, na ukungu ukichanganyika na kijani ndio unaokula vidole. Inahitaji mwanga zaidi, tu.
- ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iwe ya chini kadiri taa zinavyoruhusu. Chembechembe ni kijani kinachochezacheza, na ukingo utacheza nao.
- Mizani ya weupe ifungwe kwenye namba moja. Kwa balbu nyeupe za mchana anza na 5600.
- Umakini wa lenzi ufungwe kwenye macho ya mtangazaji.

Kwenye simu tumia kamera ya nyuma, si ya selfi. Zima urembo wa uso na hali ya kutia ukungu nyuma. Hali hiyo huchora ukingo wa kubuni kuzunguka mwili, na huwezi kuukata ukabaki salama.

Rekodi kwa 4K hata kama video ya mwisho ni 1080. Hii siyo mbwembwe. Kamera na simu nyingi huhifadhi rangi kwa robo tu ya nukta za picha. Video ya 1920 kwa 1080 ina rangi zilizopimwa kwa 960 kwa 540 peke yake, na sisi tunakata kwa kutumia rangi. Ukirekodi 3840 kwa 2160, rangi zinakuwa 1920 kwa 1080. Ukipunguza picha, kila nukta inabaki na rangi yake. Kama kamera ina biti 10, zichague: kila rangi inapata ngazi 1024 badala ya 256.

Kimo cha kamera nacho kifanane na cha picha ya nyuma. Mstari wa upeo wa bahari hukaa kwenye kimo cha lenzi iliyoupiga. Kama bahari ilipigwa kamera ikiwa kifuani, mstari huo lazima upite kifuani mwa mtangazaji aliyesimama. Ukipita juu ya kichwa chake, ataonekana mfupi kama amesimama shimoni.

Mwisho, rekodi sekunde kumi za kitambaa kitupu bila kugusa chochote, kisha mwite mtangazaji.

Na tafadhali: ukihamisha klipu kutoka simu kwenda kompyuta, tumia waya. Ukiituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida, inabanwa, rangi zinageuka vigae, na kazi yote ya hatua tano imekwisha.

## Hatua ya 6: Andaa mradi

Fungua DaVinci Resolve na, kabla ya kuingiza chochote, nenda kwenye mipangilio ya mradi uweke 1920 kwa 1080 na fremu 25. Idadi ya fremu hutaweza kuibadilisha klipu zikishaingia.

Weka video ya Forodhani kwenye mstari wa chini na ya mtangazaji juu yake. Zichague zote mbili, bofya kulia, chagua "New Fusion Clip", kisha ingia ukurasa wa Fusion. Utaona visanduku vidogo vilivyounganishwa kwa nyaya. Hizo ndizo nodi: picha mbili zinaingia kwenye nodi ya "Merge", inayozipachika pamoja, na Merge inakwenda "MediaOut", yaani picha inayotoka. Pembetatu ya kijani ya Merge ni ya kinachokaa mbele, ya njano au chungwa ni ya kinachokaa nyuma. Chagua nodi yoyote ubonyeze 1 au 2 kwenye kibodi kuiona kwenye skrini ya kushoto au kulia.

## Hatua ya 7: Kata kijani

Chagua nodi ya mtangazaji, bonyeza Shift na Space, andika "Delta Keyer", yaani kikata kijani chetu, uiongeze. Ikae kati ya mtangazaji na Merge.

Kwenye paneli kuna kidude chenye umbo la kibomba cha kudondoshea dawa. Kiburute hadi kwenye kijani kilicho jirani na uso na nywele, si kwenye kona ya kitambaa. Kijani kitatoweka, na hapa watu wengi husema "tayari". Bado.

Bonyeza skrini, kisha bonyeza A. Sasa unaona mati, yaani ramani ya nyeupe na nyeusi. Nyeupe inabaki, nyeusi inaondoka, kijivu kinakuwa nusu-nusu kama moshi. Huu ndio ukweli wa kazi yako. Picha ya rangi inakudanganya. Ukitaka kurudi kwenye rangi, bonyeza C.

Ingia "Matte". Pandisha kidogo ncha ya chini ya "Threshold" hadi mahali pa kitambaa pawe peusi. Shusha ncha ya juu hadi mwili uwe mweupe. Mara tu madoa yanapotoweka, acha. Kila unachosogeza zaidi unakilipa kwa nywele. Kama umeifanya vizuri hatua ya 3, utasogeza kidogo sana.

Onyo: usikimbilie "Erode/Dilate" na "Blur" kuficha uzi wa kijani. Zinakula ukingo wote sawasawa, na mtu anabaki kama amekatwa kwa mkasi kutoka gazetini.

Umefanikiwa ukiona: mwili mweupe usio na tundu, nyuma peusi pasipo vumbi, na kijivu kwenye ncha za nywele tu. Angalia fremu ambayo mkono unakwenda kasi zaidi, si ile ya kwanza ambayo kila mtu ametulia.

## Hatua ya 8: Tenganisha kiini na ukingo

Tuseme nywele zimetoka vizuri lakini kifua kina matundu, kwa sababu kimeakisi kijani. Ukikaza Threshold kuziba matundu, nywele zinakufa. Usichague kati ya hivyo viwili. Tumia vikata viwili.

Nakili nodi ya Delta Keyer na uilishe picha ileile. Kwenye nakala hii kaza bila huruma hadi mwili wote uwe mweupe kabisa, kisha tumia Erode kuusinyaza uingie ndani ya ukingo wa mwili. Sasa una kiini kigumu. Kiunganishe kwenye tundu la "Solid Matte" la Delta Keyer ya kwanza. Ya kwanza inabaki laini na kutunza nywele, ya pili inaziba kifua.

Waya za nodi zinatisha kwa siku moja tu. Hii mbinu nilichelewa kuijua, na ninapokumbuka usiku niliokesha nikibishana na kitelezi kimoja, nacheka.

Kwa ukuta uliobaki pembeni, ongeza nodi ya "Polygon", chora mpaka mpana kuzunguka mtu na eneo mikono inapofika, uiunganishe kwenye "Garbage Matte". Ukiona mtu ametoweka na ukuta umebaki, weka tiki kwenye "Invert" ya Polygon.

## Hatua ya 9: Ondoa kijani kilichomrukia mtu

Mati imekaa sawa, lakini taya na kola vina rangi ya majani mabichi. Ingia sehemu ya "Fringe" utafute "Spill Method". Chaguo zake zimepewa majina ya kuchoma nyama, kuanzia mbichi hadi iliyoungua. "Medium" ndiyo ya kuanzia kwa kitambaa cha kijani.

Kinachofanyika ni rahisi. Kompyuta inatafuta nukta ambazo kijani kimezidi rangi nyekundu na bluu zilizopo hapohapo, na kukishusha kisizizidi. Ndiyo maana ukizidisha, ngozi inaelekea zambarau au wekundu wa mgonjwa. Ngozi nyeusi ikipoteza kijani kupita kiasi inakosa uhai. Weka picha ya mtangazaji iliyopigwa nje, mwanga wa mchana, pembeni ya skrini, ulinganishe. Mabaki madogo ya kijani kwenye kola ni nafuu kuliko uso uliobadilika.

## Hatua ya 10: Mfanye awe pale

Hadi hapa umemkata. Bado hayupo Forodhani.

Ongeza "Color Corrector" baada ya Delta Keyer, na kwenye mipangilio yake weka tiki "Pre-Divide/Post-Multiply". Bila tiki hiyo, ukibadilisha mwanga utapata mstari mweupe au mweusi kuzunguka mwili, na utadhani umekata vibaya.

Anza na weusi. Tafuta sehemu nyeusi kuliko zote kwenye picha ya nyuma, labda kivuli chini ya mti. Jioni ya baharini ina unyevu, na weusi wake si mweusi kabisa; una ubluu kidogo. Weusi wa nywele na koti la mtangazaji ufike hapohapo, usipite chini yake. Kisha nyeupe, kisha joto la rangi. Ukiona unahangaika, ondoa rangi ya picha nzima kwa muda ulinganishe mwanga peke yake.

Halafu ukali. Picha ya nyuma ikiwa kali kama uso, inaonekana kama bango. Itie ukungu kidogo, kiasi ambacho lenzi ingefanya ikiwa imemlenga mtu aliye karibu.

Mwanga wa bahari unatakiwa umwagikie kidogo kwenye ukingo wa mabega. Chukua nakala ya picha ya nyuma iliyotiwa ukungu mwingi, uiweke juu ya mtangazaji kwa ukingo mwembamba tu, kwa nguvu ndogo. Ikianza kuonekana kama taa, umezidisha.

Mwisho ongeza chembechembe za aina moja juu ya picha nzima kwa nodi ya "Film Grain". Kamera mbili tofauti zina chembechembe tofauti. Funiko moja linaziunganisha.

Umefanikiwa ukiona: unamwonyesha mtu asiyejua chochote, naye anauliza mlikwenda Zanzibar lini.

## Hatua ya 11: Toa faili

Kwenye ukurasa wa "Deliver" chagua MP4, H.264, 1920 kwa 1080, fremu 25. YouTube wanapendekeza takriban megabiti 8 kwa sekunde kwa ukubwa huu. Mimi natoa 16, kwani wao wataibana tena wakishaipokea, na ukingo wa nywele ndio huumia kwanza.

Itazame kwenye simu, mwanga wa skrini ukiwa hadi mwisho, kabla ya kuipandisha. Kompyuta yenye skrini hafifu inaficha kitambaa ambacho hakikuwa cheusi kabisa kwenye mati, na simu za watazamaji zitakifichua.

## Kwa wenye simu tu

Hatua 1 hadi 5 ni zilezile, hakuna punguzo. Kwenye CapCut weka picha ya nyuma kama video kuu, mtangazaji muongeze juu yake, kisha ingia "Remove BG" na "Chroma key". Gusa kijani cha karibu na uso. Pandisha "Intensity" hatua ndogondogo hadi kijani kiishe, kisha "Shadow" kidogo sana ili ukingo usiwe kama wembe. Huna vikata viwili wala mati, kwa hiyo mtangazaji afunge nywele au avae kilemba, na asipunge mikono sana.

## Ukikwama

Ukingo unachemka hata mtu akitulia. ISO ilikuwa juu, au klipu ilibanwa njiani. Rekodi tena, ukungu hautakuokoa.

Upande mmoja umekatika, mwingine hapana. Taa moja iko karibu zaidi. Zile sekunde kumi za kitambaa kitupu zinasaidia hapa: ziunganishe kwenye tundu la "Clean Plate" la Delta Keyer, nayo italinganisha kila eneo na kijani chake halisi. Kamera iwe haikusogea hata kidogo.

Miwani inaonyesha bahari ndani yake. Inua mikono ya miwani kidogo juu ya masikio ili vioo viiname, visiakisi kitambaa. Ikishindikana, vua vioo, abaki na fremu.

Kila siku matokeo ni tofauti. Weka alama za gundi ya karatasi sakafuni: miguu ya mtu, miguu ya stendi, kila taa. Na kitambaa usikikunje kukirudisha kabatini. Kiviringishe kwenye bomba lake, ukisimamishe nyuma ya mlango.